Waumande na Dalili ya Moshi

Nimekabidhi funguo za kabati la miswada. Nimekabidhi na kiti, ambacho mguu wake mmoja unahitaji karatasi iliyokunjwa mara nne chini yake; hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu ya makabidhiano, kwa hiyo nalisema hapa. Mmeniomba, nyinyi mnaobaki katika chumba cha wahariri, niwaandikie kitu kitakachowafaa kazini. Vyeo sitavitaja. Vimo kwenye faili, na sijaona cheo kilichomsaidia mtu kuandika sentensi. Nitaeleza jinsi nilivyofundishwa kutunga watu wasiokuwapo na nguvu zisizokuwapo, na jinsi kazi hiyo ilivyokaribia kumfukuzisha kijijini mwanamke aliyekuwapo.

Nilianza Iringa, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, katika kiwanda kidogo cha uchapaji kilichotoa gazeti la kila mwezi kwa watu waliotoka kujifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima. Niliajiriwa kuwa msahihishaji. Siku ya kwanza mhariri, Ndugu Chengula, alinipa penseli nyekundu, wembe, na makala ya kurasa sita kuhusu kukausha maua ya pareto. Alikuwa Mbena mrefu, mwalimu wa zamani, mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Alikunywa mtindi kwenye kikombe cha bati tangu asubuhi, na alikuwa na kipaji cha kumkatalia mtu jambo kwa upole hadi mtu huyo akaondoka akimshukuru.

"Soma," aliniambia. "Ukifika mahali unaposinzia, weka alama."

Niliweka alama kumi na moja. Alizipitia moja moja.

"Mimi nilisinzia mara tisa," akasema. "Utafaa."

Tatizo la gazeti letu lilikuwa moja. Watu walijifunza kusoma, wakafaulu mtihani, wakapewa cheti, wakaacha kusoma. Gazeti liliwafikia kama kawaida, ila waliolifurahia zaidi walikuwa wauza karanga, kwa sababu karatasi yake ilikuwa imara. Ndugu Chengula akaamua ukurasa wa mwisho uwe wa hadithi itakayoendelea mwezi hadi mwezi, ili mtu akitaka kujua kilichotokea alazimike kusoma. Aliwaandikia walimu wa mkoa wote kuomba hadithi. Zikaja kumi na nne. Katika kumi na mbili kulikuwa na mwanamume mvivu ambaye mwishowe anachimba choo.

Wakati wa chai nikasema, bila kufikiri sana, kwamba mimi ningependa kusoma habari za watu wasiofanana na sisi hata kidogo, wenye nchi yao na nguvu zao. Ndugu Chengula akaweka kikombe chini.

"Andika," akasema. "Lakini yasiwe majini. Majini ni ya pwani, wasomaji watauliza yalipandaje mlima wa Kitonga. Na yasiwe mazimwi. Bibi wa kila mmoja wao anayajua mazimwi kuliko wewe."

Nilidhani kutunga kiumbe ni kuongeza pembe. Nikamletea kurasa tatu zilizojaa pembe. Alizisoma zote, akauliza, "Huyu wa pembe nne, asubuhi akiamka anaanza na nini?" Sikujua. Akanirudishia. Hilo ndilo somo lake la kwanza na sijapata lililo bora: kabla ya kumpa kiumbe mabawa, jua anaogopa nini, anakula nini, na akigombana na mkewe anakwenda kulala wapi.

Ndipo nikawapata Waumande. Walikuwa na kimo cha mtoto wa miaka minne, ngozi yao imelowa siku zote, wanaishi katika ukungu wa milimani. Jua kali liliwakausha kama jani, kwa hiyo shughuli zao zote, kulima, kuoana na kushtakiana, zilikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Kiangazi chote walilala ndani ya mianzi. Wapinzani wao walikuwa Majabali, watu wa mawe, wanaofikiri kwa muda mrefu sana. Jabali mmoja alihitaji miaka kumi kukamilisha sentensi, na ilipokamilika, aghalabu jambo lenyewe lilikuwa limekwisha.

Majina hayo yalikuja baada ya mengine mengi kuanguka. Jina la kwanza nililowapa Majabali, Ndugu Chengula alilichukua akalizungusha kiwandani, kwa kila mtu wa kila kabila: Mhehe wa mashine ya kukata, Mkinga wa stoo, Msangu aliyefunga magazeti. Fundi wa mtambo, Mnyakyusa mwenzangu, aliposikia aliweka spana chini akacheka mpaka akakaa. Tuliliacha. Nawasihi mfanye hivyo hadi leo. Katika nyanda hizi, neno unalodhani umelitunga wewe tayari ni mjomba wa mtu, au kijiji, au kitu kisichotamkwa mbele ya wakwe.

Hadithi ilipoanza kutoka, barua zikaja. Wagema ulanzi, pombe ya mianzi, wa Kilolo walitaka kujua kama mwanzi wenye Mwumande ndani unabadilika ladha. Mwinjilisti mmoja wa Kilutheri aliuliza kama Adamu ni babu yao pia, na kama siyo, dhambi waliipata wapi. Mfugaji mmoja, Msukuma aliyekuwa amehamia Usangu na ng'ombe wake, aliandika mstari mmoja tu: "Hao Majabali hawana ng'ombe. Je, wanaoaje?" Nilicheka. Ndugu Chengula hakucheka.

"Huyu ameuliza swali la mhariri," akasema. "Mjibu."

Ilinichukua wiki mbili. Katika sura ya tano Majabali wakawa wanaposa kwa vivuli: kijana alisimama miaka saba mahali ambapo kivuli chake kingempoza mama mkwe wakati wa jua. Yule mfugaji akaandika tena kusema ni ghali lakini inaeleweka.

Barua moja ilitoka kwa ofisa fulani aliyetaka kujua kama Majabali ni watumishi wa serikali waliofichwa jina. Ndugu Chengula alimjibu kwa mkono wake: "Majabali hukaa mahali pamoja miaka mia tatu bila kufanya kazi yoyote. Hatukumkusudia mtumishi yeyote." Ofisa hakuandika tena.

Zikabaki nguvu. Neno uchawi tulilikataa tangu mwanzo. Tulijua sote, bila kulizungumza, kwamba neno hilo likiingia kwenye nyumba halitoki bila kubeba mtu. Kwa hiyo wenye nguvu tuliwaita Waitaji. Mwitaji aliweza kuita kitu kwa jina lake la kweli, maji, upepo, jiwe, nacho kikaja. Lakini kila alipoita, alisahau jina la mtu mmoja aliyempenda. Waitaji wakubwa kabisa waliishi kati ya jamaa zao kama wageni. Ndugu Chengula alisisitiza hilo. Nguvu isiyomuumiza mwenye nayo, alisema, haina hadithi. Ni tangazo la sabuni. Nasi tukajidanganya kwamba tukilikataa neno, jambo lenyewe litabaki nje ya mlango.

Katika sura ya saba Majabali walikuwa wanamtafuta Mwitaji aliyejificha sokoni kati ya watu wa kawaida.

"Watamtambuaje?" Ndugu Chengula akauliza.

Nilikaa mbele ya taipureta. Kabla ya chai nikawa nimepata: wanawasha kuni mbichi. Kila mtu anatoka machozi. Mwitaji hatoi hata tone, kwa sababu moshi ni kimoja cha vitu vinavyomtii. Nilimpelekea. Alisoma mara mbili.

"Hii ni nzuri," akasema. "Inaonekana ya kweli."

Wote wawili tulidhani hiyo ni sifa.

Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka kijiji kimoja cha milimani juu ya Mbalizi. Mwandishi alijitambulisha kuwa Mwalimu Jeremia wa darasa la kisomo. Mwandiko wake ulikuwa safi sana. Aliandika: "Tunashukuru kwa elimu mnayotupatia. Darasa limeongezeka. Hapa kijijini tumeitumia dalili ya moshi na imempata mtu mmoja. Tunaomba kufahamishwa kama inafanya kazi kwa wanaume pia, na kama mtu aliyepatikana akihamishwa, ni desturi kumwacha avune kwanza au hapana."

Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta mahali pa kukaa. Niliipeleka kwa Ndugu Chengula. Alipomaliza kuisoma alisimama. Alikwenda kwa meneja kuomba Land Rover, na safari hii hakuwa mpole.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, yeye akiendesha, mtindi wake ukiwa kwenye chupa ya chai katikati yetu. Nilikuwa nimechukua mkoba wa kazi kwa mazoea tu. Ndani mlikuwa na nakala za kusahihishia za toleo lijalo. Tulifika Mbeya jioni, tukalala kwa ndugu yake mtaani Mwanjelwa, na kesho yake tukapanda milima.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika mabondeni na kupangwa pamoja, nyumba mistari miwili iliyonyooka, na matope ya kuta bado hayajakauka vizuri. Mwalimu Jeremia alitupokea kwa furaha ambayo ilinitia aibu. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, shati limepigwa pasi, na alikuwa ametutandikia vitambaa kwenye viti. Alieleza yote bila kuficha, kama mtu anayesoma taarifa ya mafanikio.

Mzee Lameki alifiwa na ndama wawili tangu wahamie. Zamani Bibi Sela, mjane, aliishi peke yake nyuma ya mlima, na hakuna aliyejua anavyopika. Sasa jiko lake lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlango wa Mzee Lameki. Mtu aliona kwamba moshi ukijaa jikoni, yule mama anaendelea kukoroga kama aliyeketi barazani. Siku hiyo darasa lilikuwa limesoma sura ya saba. Wakachoma matawi mabichi ya mkaratusi katika chumba cha darasa, alasiri, mbele ya wote.

"Wote tulilia," Mwalimu Jeremia akasema. "Hata mimi. Isipokuwa yeye."

"Yuko wapi?"

"Kwa mwinjilisti wetu. Nyumbani kwake hawezi kukaa, watu wametupa mawe kwenye paa. Mkutano ni leo saa nane. Mmekuja wakati mzuri."

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Bibi Sela aliletwa na mke wa mwinjilisti, akakaa kwenye benchi upande wa kushoto. Alikuwa mfupi, mkavu, amevaa koti la kiume na kitenge, na alitutazama kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki. Mwenyekiti wa kijiji alitukaribisha kwa heshima, akanipa nafasi.

"Mimi ndiye niliyeandika hadithi hii," nikasema. "Waumande hawapo. Majabali hawapo. Dalili ya moshi niliitunga mwenyewe, mezani, kabla ya chai. Haina ukweli wowote. Nawaomba mumwache mama huyu arudi kwake."

Mwenyekiti akasafisha koo.

"Ndugu mwandishi, tunakushukuru. Gazeti hili ndilo lililotuambia tuchanganye majivu kwenye mahindi ya mbegu ili wadudu wasile?"

"Ndilo."

"Tulichanganya. Hawakula. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ni kweli."

"Ni kweli."

"Na ukurasa wa mwisho ni uongo."

"Ni hadithi."

"Sawa. Mmeandika wapi kwamba kweli inaishia hapa na hadithi inaanzia hapa?"

Hatukuwa tumeandika popote. Tangu mwezi uliofuata neno HADITHI limekuwa juu ya ukurasa ule kwa herufi kubwa kuliko jina la hadithi yenyewe, na nimesikia baadhi yenu mkilalamika kwamba linaharibu mpangilio. Liacheni.

Mzee Lameki akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya chini, na alikuwa amefiwa na ndama wawili.

"Mimi sisemi huyu dada wa gazeti anadanganya," akasema. "Nasema labda hajui. Mtu ameketi Iringa anaandika kwamba yupo mtu asiyelia kwa moshi. Hajawahi kufika hapa. Sisi tunatafuta, tunamkuta. Sasa hapo ametunga, au limemjia?"

Watu wakaitika kwa kunung'unika. Swali hilo ninalo hadi leo.

Ndugu Chengula akasimama kunisaidia. Alieleza kwa mapana kwamba macho ya mtu aliyepika miaka hamsini kwenye jiko la kuni yanazoea, kama kiganja kinavyozoea jembe.

"Mbona mke wangu hajazoea?" Mzee Lameki akauliza. "Kila nikiingia jikoni analia."

"Huo si moshi," mkewe akasema kutoka upande wa wanawake.

Watu walicheka sana, na kwa muda nilidhani tumeokoka. Lakini kicheko kilipita, wakamtazama tena Bibi Sela kama kwanza. Ndugu Chengula akakaa. Akaniinamia sikioni.

"Hawataki maelezo," akasema. "Wanataka gazeti."

Hapo nikakumbuka mkoba. Sikuwaza, kama ningewaza nisingethubutu. Nilitoa nakala ya kusahihishia, karatasi ndefu yenye wino mbichi mbichi, nikasimama tena.

"Sura ya nane bado haijatoka," nikasema. "Ninayo hapa. Nitawasomea."

Karatasi niliyoishika ilikuwa makala kuhusu minyoo ya ndama. Nikaifungua, nikaitazama kwa makini, nikasoma kitu kisichokuwamo. Nilisoma kwamba Majabali waliwasha moto sokoni, na waliokosa kulia hawakuwa mmoja, walikuwa kumi na watatu, wote vikongwe. Majabali wakashangaa, wakawapeleka kwa Jabali mkuu, ambaye alikuwa amelifikiria jambo hilo miaka mia tatu na sentensi yake ilikuwa inakamilika siku hiyohiyo. Naye akasema: dalili ya moshi ni uzushi. Aliyeieneza ni Mwitaji mwenyewe, ili watu wachungulie majikoni huku yeye akipita barabarani. Dalili ya kweli ni kwamba Mwitaji ana vivuli viwili, na kimoja huchelewa.

Ilikuwa imekaribia saa tisa. Mawingu yalikuwa yameachana na jua lilikuwa kali. Sikuwa nimepanga hilo. Watu wote uwanjani wakainamisha vichwa kutazama ardhi, kila mmoja miguuni pake, halafu miguuni pa jirani. Mwenyekiti alijitazama mara mbili. Mzee Lameki akajitazama, akatembea polepole hadi kwenye benchi. Bibi Sela akasimama bila kuambiwa. Mzee Lameki akazunguka nyuma yake, akatazama, akarudi upande wa pili, akangoja. Aliendelea kungoja kwa sababu nilikuwa nimesema kimoja huchelewa. Sijawahi kujutia neno moja kama nilivyojutia lile.

"Ni kimoja," akasema mwishowe.

"Kimoja?" Mwenyekiti akauliza.

"Kimoja."

Hakufurahi. Lakini ilikuwa dalili, na ilikuwa imechapwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba mama anarudi kwake na watakaotupa mawe tena watarekebisha paa. Watu wakaanza kuinuka. Mwalimu Jeremia, aliyekuwa akiandika muda wote kwenye daftari, akaja mbio kuomba aione ile karatasi. Ndugu Chengula akaichukua mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nakala ya kusahihishia haionyeshwi nje kabla ya toleo kutoka," akasema. "Ni sheria ya kazi."

Hapakuwa na sheria kama hiyo. Mtaikuta leo katika mwongozo wetu, kifungu cha nne.

Kabla hatujaondoka alimtafuta Mzee Lameki, akamweleza habari ya minyoo na dawa yake, na kwamba ndama waliohamishiwa malisho mapya huumwa hivyo. Ilikuwa ni kweli tupu, na alikuwa nayo mfukoni, imepangwa kwa herufi za risasi. Mzee Lameki alisikiliza kwa adabu akasema atafikiria.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa mwinjilisti kumwomba Bibi Sela radhi. Nilimkuta jikoni, tayari amerudi kwenye sufuria ya maharage. Moshi ulikuwa mwingi. Mimi machozi yalinitoka hapo hapo mlangoni. Yeye alinitazama kwa macho makavu kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, au ukae nje kama inakuwasha."

Niliingia. Nilimwambia nasikitika, kwamba sikumjua, kwamba sikukusudia. Alikoroga.

"Nasoma hadithi yako tangu mwanzo," akasema. "Mimi ni wa kwanza darasani. Sura ya nane umeiharibu."

"Ndiyo, mama."

"Vivuli viwili ni mambo ya watoto. Moshi ulikuwa mzuri. Nilipousoma nilisema, huyu anajua jiko." Akafunika sufuria. "Hukunijua mimi?"

"Hapana."

"Basi macho yangu uliyapata wapi?"

Hamwezi kuamini, lakini sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimesema mbele ya umati kwamba nimetunga. Nikakaa kwenye kigoda huku moshi ukinichoma, nikaliona jiko jingine, na mwanamke mwingine akimenya ndizi ndani ya moshi bila kupepesa, nami nikiwa mtoto nimejilaza mlangoni kutafuta hewa.

"Kwa bibi yangu," nikasema.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anakaa wapi?"

"Tukuyu."

"Gazeti linafika huko?"

"Linafika."

Bibi Sela akainua kifuniko, akaonja chumvi.

"Basi sijui umekaa hapa unafanya nini," akasema.

Ndugu Chengula alikuwa garini. Nilimwambia tu kwamba lazima nifike Tukuyu. Akawasha gari. Tulipokuwa tunashuka akasema, "Ile sura uiandike leo, kabla hujaisahau. Yule mwalimu amenukuu kila neno." Niliiandika magotini, gari likirukaruka, na ilichapwa hivyo hivyo pamoja na kivuli kinachochelewa. Baadaye Mwalimu Jeremia aliandika kutaarifu kwamba Bibi Sela yuko kwake, paa limerekebishwa, na kwamba darasani ameanza kuwasahihisha wengine kwa sauti. Kuhusu ndama hakuandika chochote.

Tulifika Tukuyu asubuhi ya siku iliyofuata, mvua ikinyesha kama inavyonyesha huko siku zote. Nilikimbia kutoka barabarani hadi nyumbani kwa bibi nikiwa sijui nitakuta nini. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi palepale pake, anamenya ndizi, moshi umemzunguka.

"Ugonile, bibi."

Aliitika, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akaniambia nivue nguo zilizolowa. Nilimuuliza kama yuko salama. Akasema magoti yanamsumbua. Nilimuuliza kama wajukuu wanamsomea gazeti. Akasema wanamsomea, na kwamba Majabali wanaongea mno kwa watu wanaosemekana hawaongei.

"Na ile ya moshi?" nikauliza.

"Walikuja," akasema.

"Nani?"

"Majirani. Wanne, wiki iliyopita. Walisema wamekuja kunisalimu, lakini walikuwa wamebeba kuni mbichi. Nani anakwenda kumsalimu mtu na kuni mbichi?" Akatupa ganda kwenye kikapu. "Wakawasha. Tukakaa."

"Ikawaje?"

"Nililia sana. Machozi mpaka kifuani. Wakanipa pole, wakala ndizi, wakaenda."

Nilishusha pumzi. Nikasema basi ilikuwa bahati, labda siku hiyo macho yalikuwa dhaifu.

Bibi aliacha kumenya. Alininyooshea vidole vyake viwili vya mkono wa kulia karibu na pua, na ingawa ilikuwa imepita wiki nzima, ningeapa kwamba bado vilinuka.

"Pilipili," akasema. "Nilikwenda kuzichuma bustanini nilipowaona wanapanda kilima. Wajukuu walikuwa wameshanisomea mara tatu, nilijua wanachokuja kutafuta."

Nilitaka kumwomba radhi kama nilivyomwomba yule mwingine, lakini alikuwa ameshachukua ndizi nyingine.

"Wewe andika tu," bibi akasema. "Lakini ukitaka kuandika tena kitu changu, niambie mapema."